Kichocheo cha ukuaji si lazima kikuze
Wengi wakisikia “vichocheo vya ukuaji” hudhani ni protini za kunenepesha seli tu. Kazi ya Jim Smith, aliyechunguza viinitete vya chura wa Kiafrika, Xenopus laevis, huko Mill Hill, London, inaonyesha vinginevyo. Kipande cha tishu kilichokatwa upande wa juu wa kiinitete, kikiachwa peke yake katika maji ya chumvi, hujiviringa kikawa kijidonge cha ngozi. Kikitiwa aktivini, mojawapo ya vichocheo hivyo, ambayo Smith aliinasa mwaka 1987 katika majimaji ya seli zilizooteshwa maabarani, hurefuka na kutoa misuli. Na kiinitete chenyewe, chenye upana wa milimita moja na ushei, wakati huo hakijakua hata kidogo: seli zinagawanyika tu, huku zikielekezwa ziwe nini.