Kuunganisha na kutenganisha picha za stereo, maana yake nini hasa?

Fanya hivi kwanza: simamisha kidole gumba mbele ya uso, funga jicho la kulia, fungua, funga la kushoto. Kidole kinaruka si ndio? Na ukuta wa nyuma umetulia tu. Jicho la kushoto linakiona kidole kikiwa upande wa kulia zaidi, la kulia linakiona kushoto zaidi, na hiyo tofauti ndo ubongo unaitumia kujua kidole kiko karibu. Charles Wheatstone alishaonyesha hili mwaka 1838 kwa michoro na vioo viwili.

Picha za stereo, yaani zile za 3D, ni hivyohivyo, unakuwa na picha mbili, ya jicho la kushoto na ya kulia. Kuunganisha ni kuzifanya zisafiri kama kitu kimoja, kutenganisha ni kuzirudisha kila moja kivyake. Kwenye Fusion, programu ya kuchanganya picha za video, unafanya kazi kwa nodi, yaani visanduku vinavyoungwa kwa waya kwenye skrini, kila kimoja na kazi yake. Kuna nodi mbili za kazi hii, Combiner na Splitter. Combiner inapokea macho yote mawili inayabandika ubavu kwa ubavu au moja juu ya lingine, kwa hiyo mbili za 1920x1080 zinazaa picha moja ya 3840x1080, au 1920x2160 ukizipanga juu na chini. Splitter inakata palepale katikati.

Sasa wengi wanaponaswa ni hapa. Ikishaungana, nodi za kawaida hazijui kama kuna macho mawili, zinaona picha moja pana basi. Ukiweka blur, yaani ukitia picha ukungu, pikseli za katikati zinachanganyika, ukingo wa jicho la kushoto unapata ukungu wa rangi zilizotoka jicho la kulia, na jicho la kulia nalo hivyohivyo. Kwenye monita ya kawaida huoni shida kabisa, vaa miwani ya 3D sasa, kuna kitu kinakukera pembeni na huwezi kusema ni nini. Mimi nilitafuta kosa la aina hii nusu siku nzima nikidhani renda, yaani picha zilizotolewa na kompyuta, ndo mbovu. Kwa hiyo chochote kinachosogeza au kuchanganya pikseli, tenganisha kwanza, fanya kazi, unganisha mwishoni. Kurekebisha rangi ya picha nzima haina neno, ila ukiweka maski, yaani ukichagua sehemu tu ya picha, ndo unarudi kulekule, maana itashika jicho moja tu.

Na si kila muungano unavunjika. Ubavu kwa ubavu kamili unatengana bila kupoteza kitu. Ile ya nusu, ambapo macho yote yamebanwa ndani ya 1920x1080, ukikata unapata 960x1080, watu wamekonda kama mwiko, unawanyoosha sawa lakini pikseli zilizotupwa hazirudi. Anaglifu, ile ya miwani ya nyekundu na samawati, ndo mbaya zaidi, inachukua chaneli nyekundu ya jicho la kushoto na kijani na bluu za kulia, nyingine zote kwaheri. Hiyo ni ya kuangalia tu, usihifadhi kazi yako hivyo.

Nuke, programu nyingine ya kazi hiihii, wao hawabandiki, macho yanakaa kama "view" mbili ndani ya waya mmoja, JoinViews inaziunga, OneView inatoa moja, na kwenye jina la faili unaandika %V inajaza yenyewe left au right. Blur moja inapita kila jicho kivyake, mi naona hii ndo njia ya kiungwana.

Ukishaunganisha cheki kama hujageuza macho. Tafuta kitu kilicho karibu na kamera, kikombe mathalani, linganisha na vya nyuma yake: kwenye picha ya kushoto kiwe kulia zaidi, kama kile kidole. Kikiwa kushoto zaidi umeyabadilisha, na mtazamaji ataona kikombe kimezama nyuma ya ukuta. Kwenye Combiner hapo unatiki tu Swap Eyes.