Kubandika kucha mwenyewe: anza na mkono wa kulia

Wengi wanaokuja kwangu kurekebishiwa kucha walizojibandika nyumbani, mkono wa kushoto huwa hauna neno. Kasoro iko mkono wa kulia: kucha zimekaa upande, gundi imetapakaa kwenye ngozi, na mojawapo imeshabaki kwenye daladala. Wanaulaumu mkono wa kushoto kwamba haujui kazi. Haujui kweli, ila wao ndio wameuongezea mzigo. Walibandika kushoto kwanza kwa sababu ndiko rahisi, kisha mkono huohuo usiojua kazi, sasa una kucha ndefu, ukatakiwa kushika kipande chembamba cha plastiki na kukilenga mahali pake.

Mimi huwaambia waanze na mkono wa kulia. (Kama wewe ni mashoto, geuza maelezo yote.) Mkono wa kushoto ukiwa bado mtupu, ncha za vidole zinahisi vizuri na kubana vizuri. Zamu ya kushoto ikifika, mkono wa kulia utafanya kazi na kucha zake bila taabu, maana umezoea kila kitu, kuanzia kuandika hadi kumenya vitunguu.

Vidole gumba vyote viwili viwe vya mwisho. Ukiweka kucha kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, unaweza kuikandamiza kwa gumba la mkono huohuo, na kushoto ukapumzika. Hata cha kati na cha pete vinafikika. Gumba likishakuwa na kucha ndefu, msaada huo umeupoteza.

Nazungumzia kucha nzima za pakiti, zile za kubandika kwa gundi. Za unga, zinazotengenezwa kwa kuchanganya unga na maji yake maalumu juu ya kucha, sikushauri ujitengenezee. Unga na maji yake hukauka haraka kuliko mkono wa kushoto unavyoweza kutengeneza umbo, na ukigusisha ngozi mara kwa mara unaweza kupata aleji isiyoondoka. Mashine ya kusagia kucha iliyoshikwa na mkono usioizoea, hiyo hata tusiijadili.

Kabla ya gundi, pima. Pima kila mkono peke yake, kwa sababu kucha za mikono miwili mara nyingi hazilingani, na za wa kulia huwa pana kidogo. Kucha inatakiwa ifike ukingo hadi ukingo bila kulazimishwa. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua kubwa uipunguze pembeni kwa tupa. Ndogo itajikunjua tu na kubanduka. Zipange mezani kwa mpangilio wa vidole, maana gundi ikishafunguliwa hakuna muda wa kutafuta namba.

Sukuma taratibu ngozi ya kwenye shina la kucha, ondoa mng'aro kwa msasa laini, kisha futa kwa spiriti au asetoni. Usiloweke mikono kwenye maji kabla. Kucha hunywa maji na kutanuka, ikikauka inasinyaa chini ya gundi, na hapo ndipo inapoanza kuachia. Mafuta ya nazi nayo yasubiri.

Sasa mkono wa kulia. Ulaze mezani, kiwiko kikiwa kimeegemea, na usiusogeze. Paka gundi kidogo kwenye kucha yako na tone moja ndani ya ile ya kubandika. Ishike kwa ncha, si katikati, iinamishe, gusisha kwanza upande wa shina, halafu ilaze polepole kuelekea mbele ili hewa itoke. Kandamiza kama nusu dakika. Mkono ukitetemeka, egemeza kidole kidogo cha kushoto juu ya mkono wa kulia. Mikono ikigusana, inatetemeka pamoja na shabaha haipotei.

Vidole vinne vya kulia vikiisha, bandika vinne vya kushoto vivyo hivyo, ndipo uje kwenye magumba. Gumba la kulia ndilo gumu kidogo, kwa kuwa kushoto sasa kuna kucha. Lakini gumba la kushoto bado ni tupu: bana kucha kati ya nyama yake na ubavu wa kidole cha shahada. Kisha malizia gumba la kushoto kwa mkono wa kulia.

Gundi hii ni sainoakrileti, jamii moja na supagluu, na hugandishwa na unyevu. Ikimwagika, usiipanguse kwa pamba wala kanga. Ikikutana na nyuzi za pamba inaweza kupata moto wa kuunguza ngozi, kwa hiyo hata kanga ya mapajani iondoe. Vidole vikigandana, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, usivivute. Chupa iweke mbali na dawa za macho, zinafanana mno.

Anayeswali ajue kwamba kucha hizi huzuia maji ya udhu, hivyo apange siku zake. Wauguzi na wanaohudumia wagonjwa waziache kabisa; Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo kwa sababu vijidudu hujificha chini yake.

Kuzitoa, loweka kwenye asetoni hadi gundi ilainike, uziinue kwa kijiti. Ukiing'oa kavu, tabaka la kucha yako linaondoka nayo, na kucha ya mkono hukua kama milimita tatu tu kwa mwezi. Ukikuta doa la kijani chini, usibandike nyingine juu yake, nenda ukaonwe na daktari.