Usisubiri mpaka uumwe: lini umwone daktari wa mkojo

Katika kazi yangu ya kutibu maradhi ya njia ya mkojo, kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile kisichouma. Mtu akiumwa jino hukesha, na asubuhi utamkuta kwa daktari. Lakini akikojoa damu mara moja bila ya maumivu, na kesho yake mkojo ukarudi rangi yake, humshukuru Mungu akaendelea na shughuli zake. Miezi inapita, damu inarudi, safari hii na mabonge, na hapo ndipo anapofunga safari ya kuja mjini. Laiti angekuja siku ile ya kwanza.

Hapa kwetu, Unguja na Pemba, mtu akikojoa damu wa kwanza kutuhumiwa ni kichocho, na anatuhumiwa kwa haki. Kichocho chetu ni kile cha kibofu. Mayai ya minyoo hutoka na mkojo, yakifika kwenye maji baridi ya mto, dimbwi au bonde la mpunga hutotoa vijidudu vinavyoingia ndani ya konokono wadogo. Kutoka kwa konokono hutoka vijidudu vingine vinavyoogelea na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, awe anafua, anapanda mpunga au mtoto anachezea maji baada ya skuli. Dakika chache zinatosha. Bahari haina kichocho, kwa sababu konokono hao hawaishi kwenye maji ya chumvi. Mvuvi anayeoga pwani hana hofu hiyo.

Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga huko. Kila yai lina mwiba mdogo. Yanayopenya hutoka na mkojo pamoja na damu, ambayo mara nyingi huonekana mwisho wa kukojoa. Yasiyotoka hubaki yamenasa ndani ya ukuta wa kibofu, na hayo ndiyo yanayonihusu mimi miaka mingi baadaye. Kibofu hukakamaa, mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo hubana, figo hujaa maji na kufa polepole pasipo mwenyewe kuhisi chochote. Kwa baadhi ya watu kibofu kilichoumizwa hivyo huja kupata saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwaweka minyoo hawa kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa tangu mwaka 1994.

Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtu, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo. Kazi ya kuwagawia watu vidonge hivi kwenye skuli na shehia zetu imepunguza maradhi haya sana, na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kuna mambo mawili wazazi wayajue. Dawa inaua minyoo wakubwa, wachanga haiwapati vizuri, na haimkingi mtoto anayerudi mtoni wiki ijayo. Na ukitakiwa kupeleka mkojo kupimwa kichocho, utoe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu huo ndio wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Mkojo wa alfajiri unaweza kusema huna, kumbe unacho.

Sasa niwaombe watu wazima wanisikilize. Wazee wengi wa shamba walikojoa damu walipokuwa watoto, na wenzao pia, ikawa ni jambo la kawaida. Mzee wa namna hiyo akiona damu akiwa na miaka 55 husema ni kile kichocho cha zamani, akanunua dawa, akanyamaza. Mzee wangu, usifanye hivyo. Mtu aliyevuka miaka 40 akiona damu kwenye mkojo bila ya maumivu, hata mara moja, aangaliwe kibofu na figo, hata kama kipimo kimeonesha ana kichocho, maana mtu anaweza kuwa na minyoo na uvimbe kwa wakati mmoja. Akiwa mvutaji sigara ndio zaidi, kwa sababu sigara ni kisababishi kikubwa cha saratani ya kibofu. Sumu ya moshi huchujwa na figo na kukaa kibofuni saa kadhaa kabla ya kutoka. Tutampiga altrasaundi, na mara nyingi tutapitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo tuone kwa macho. Anayetumia dawa za kifua kikuu asitishike: zinageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu, na kipimo kinatofautisha.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inayotibiwa duka la dawa. Mkojo unachoma, mtu ananunua antibayotiki, anakunywa siku mbili, anapata nafuu, anaacha. Mwezi ujao tena, na dawa kali zaidi. Mwanamke mwenye maambukizi ya kibofu mara moja kwa mwaka hanihitaji mimi, kituo cha afya kinamtosha. Lakini yakimjia mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 kwa mwaka, mkojo wake uoteshwe vijidudu maabara ili tujue ni kijidudu gani na dawa gani inakiua, kisha tutafute kwa nini kinarudi. Anaweza kuwa na kijiwe, au kibofu kisichomwagika chote. Mwanamme akipata hata mara moja, nataka kujua sababu, maana njia yake ya mkojo ni ndefu na vijidudu havipandi kirahisi. Mjamzito asisubiri hata siku moja, aende kliniki.

Dada zangu nawaambia zaidi ya hapo, kwa sababu wengi wanadhani daktari wa mkojo ni wa wanaume tu. Kichocho huingia pia kwenye njia ya uzazi ya mwanamke, akatokwa na uchafu, au damu baada ya kukutana na mumewe, na akatibiwa maradhi ya zinaa tena na tena. Ndoa zinaingia shaka kwa maradhi yaliyotoka bondeni. Ukiwa umekulia kwenye mito na mabonde ya mpunga, mwambie daktari. Na mama anayevuja mkojo mchana na usiku tangu alipojifungua kwa uchungu mrefu ana tundu kati ya kibofu na uke, yaani fistula. Inashonwa. Asijifiche chumbani akaacha kwenda harusini na misibani kwa kuogopa harufu.

Nikija kwa wanaume wa makamo, wengi wao hawaji kwangu kwa ajili ya tezi dume. Wanakuja kwa ajili ya udhu. Ametawadha, amesimama kusali, tone limetoka. Au anaamka mara nne usiku, na mkojo ni wa kusubiriwa, tena mwembamba. Tezi dume imeizunguka njia ya mkojo mahali inapotoka kwenye kibofu, na kwa takriban nusu ya wanaume wa miaka ya 50 imeshaanza kukua. Ukuaji huu si saratani. Wengi hutulia kwa vidonge. Kimoja hulegeza misuli ndani ya siku chache, kingine hupunguza tezi yenyewe lakini kinataka kama miezi 6, kwa hiyo usikiache mwezi wa pili ukasema hakifai. Na mwenye tezi kubwa ajihadhari na vidonge vya mafua vya dukani. Vingi vina dawa zinazobana njia ya kibofu, na mtu aliyekuwa anakojoa kwa shida usiku huo huo hufunga kabisa.

Kufunga ghafla kunauma, na mtu huletwa mbio akawekewa mpira wa kutoa mkojo. Kunakoniogopesha ni kule kusikouma. Kibofu hutanuka kidogo kidogo kwa miaka mpaka kikabeba zaidi ya lita nzima, kikaacha kulalamika, na mkojo unaozidi ukamwagika wenyewe usingizini. Mzee akianza kulowanisha kitanda, watoto wake husema ni uzee. Mleteni. Huenda kibofu kimejaa na figo zinaharibika, na mpira peke yake ukaziokoa.

Saratani ya tezi dume nayo huanzia mara nyingi pembezoni mwa tezi, mbali na njia ya mkojo, kwa hiyo mwanzoni mtu hukojoa vizuri tu. Ni miongoni mwa saratani zinazoua wanaume wengi Tanzania. Ukifika miaka 50 zungumza na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume. Kama baba au ndugu yako aliugua, zungumza mapema zaidi, kwenye 40 na kitu. Kipimo cha kidole kinachoogopwa sana, daktari akiigusa tezi kupitia njia ya haja kubwa, huchukua chini ya dakika moja, na unaweza kuomba mlango ufungwe na muuguzi au mwanafunzi yeyote atoke.

Msimu wa karafuu una maradhi yake. Mchumaji akiteleza mtini akaangukia tawi katikati ya mapaja, au akavunjika mfupa wa nyonga, kisha tone la damu likaonekana kwenye tundu la uume na mkojo haumtoki, mtu asilazimishe kumpitishia mpira. Njia ya mkojo inaweza kuwa imechanika, na kulazimisha kunaikata kabisa. Apelekwe spitali haraka. Hata akipona, kovu linaweza kubana njia hiyo miezi au miaka baadaye, sawa na kovu la kisonono cha zamani. Mkojo ukianza kupungua unene, arudi.

Maumivu yasiyosubiri ni haya: kijana, hasa wa miaka 12 mpaka 18, anaumwa ghafla na korodani moja, pengine na kutapika. Korodani inaweza kuwa imejizungusha na kukata damu yake, na ina kama saa 6 tu tangu maumivu yaanze. Msimsugue, msimpe dawa ya chango, msingoje boti ya asubuhi kutoka Pemba. Nendeni spitali ya karibu yenye daktari wa upasuaji usiku huo huo. Na mama, mwambie mwanao leo kwamba hilo ni jambo la kusema, kwa sababu wengi hunyamaza kwa haya.

Wanandoa waliokaa mwaka mzima bila ya kupata mimba wapimwe wote wawili. Nimechoka kuona mwanamke amezungushwa kila mahali wakati mume hajatoa manii mara moja yakaangaliwa. Ni kipimo chepesi: siku 2 hadi 7 bila ya kukutana, na manii yafike maabara ndani ya saa moja. Yakionekana hafifu hurudiwa, kwani mbegu huchukua karibu miezi 3 kutengenezwa na homa ya mwezi uliopita inaweza kuwa ndiyo iliyoziharibu.

Mume ambaye nguvu za kiume zimepungua naye apimwe sukari na shinikizo la damu kabla ya kununua mchanganyiko wa mtaani. Mishipa ya uume ni midogo, huziba mapema kuliko ya moyo, na hilo linaweza kuwa onyo la moyo. Baadhi ya dawa zinazouzwa kuwa ni za miti zimekutwa na kemikali za vidonge vya hospitali vya nguvu za kiume ndani yake, na kwa mtu anayeweka dawa ya moyo chini ya ulimi zinaweza kumuua.

Ukija, pitia kwanza kituo cha afya au spitali ya wilaya yako uandikiwe barua, kisha beba maboksi ya dawa zote ulizokunywa, hata za mganga. Kwa siku 3 kabla, andika umekunywa maji kiasi gani na umekojoa mara ngapi, mchana na usiku. Njoo na kibofu kilichojaa, kwa sababu altrasaundi huona vizuri kikiwa hivyo, na nitataka kukuona ukikojoa kisha kupima kilichobaki.