Saini 300 si kura: dhana potofu kuhusu mapitio ya mradi wa makazi ya wazee

"Tukiwa wengi, kamati italazimika kukataa." Hii ndiyo dhana potofu inayochosha kuliko zote, na hurudi kila mradi wa makazi ya wazee unapotangazwa. Kamati ya mipangomiji haihesabu vichwa. Inapima ombi kwa mpango wa matumizi ya ardhi na kanuni za eneo: urefu wa jengo, umbali kutoka mpakani, maji ya mvua, barabara, usalama wa moto. Saini 300 chini ya maneno "hatuutaki mradi huu" huishia kuwa mstari mmoja kwenye taarifa ya afisa mipangomiji. Barua moja inayosema lango liko karibu mno na kona, ikataja namba ya mchoro na kipimo, inadai jibu.

Kushuka kwa thamani ya nyumba za jirani na tabia ya mwendelezaji (anayejenga mradi) kwa kawaida havina uzito wa kimipango. Acha kupoteza dakika zako chache za kuzungumza kikaoni kwa hayo.

Omba kuona jalada la ombi siku tangazo linapobandikwa, si siku mbili kabla ya kikao. Soma ramani ya kiwanja, michoro ya pande zote za jengo, mpango wa mifereji na tathmini ya magari. Angalia alama ya toleo kwenye kona ya kila mchoro, kwa sababu mwombaji hubadilisha michoro katikati ya safari, na pingamizi linalotaja toleo la zamani linaweza kutupwa. Kisha andika hoja moja kwa kila aya: mchoro gani, kipimo gani, athari gani, na sharti unalolitaka.

Hilo la mwisho, sharti, husahaulika karibu kila mara. Kamati inaweza kuidhinisha, kuidhinisha kwa masharti, kuahirisha au kukataa. Ikikataa bila sababu za kimipango, mwombaji hukata rufaa na mara nyingi hushinda, na masharti yenu hupangwa na watu wasioijua barabara yenu. Chukua maji ya mvua: paa na sakafu ngumu za mita za mraba 2,000, zikinyeshewa milimita 50, hukusanya hadi mita za ujazo 100 za maji. "Tutafurika" ni kilio tu. "Mpango wa mifereji hauonyeshi mita hizo za ujazo 100 zitahifadhiwa wapi, tunaomba bwawa au tangi likamilike kabla jengo halijakaliwa" ni hoja inayoweza kugeuka sharti neno kwa neno.

"Wazee hawaendeshi, kwa hiyo magari si tatizo." Inategemea ni makazi gani. Wanaoishi kwenye fleti za kujitegemea wengi bado wanaendesha, ila safari zao huepuka saa za msongamano. Kwenye nyumba ya uuguzi mkazi haendeshi, lakini mhudumu anaendesha. Zamu ya watu 12 ikipokewa na nyingine ya 12, kwa nusu saa hivi kunaweza kuwa na magari 24 uwanjani kabla hujahesabu wageni na gari la wagonjwa. Tathmini ikitoa wastani wa siku peke yake, dai hesabu ya saa ya kubadilishana zamu.

Hapo hapo kuna kosa jingine: kuamini kwamba kibao cha "makazi ya wazee" kinalinda chochote. Kikomo cha umri kisipoandikwa kwenye kibali au hati ya ardhi, fleti zinaweza kupangishwa kwa yeyote.

"Kuna lifti na njia ya mteremko, imetosha." Pima. Sakafu iliyoinuliwa sentimita 45, kwa mteremko wa 1:12 (kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za urefu), inahitaji njia ya mita 5.4, ongeza sehemu tambarare ya mita 1.5 juu na nyingine kama hiyo chini, jumla 8.4. Wasanifu wengine huchora mita 3 na kutumaini hakuna atakayeshika rula. Lifti nayo iwe na nafasi ya machela, yaani kama mita 1.1 kwa 2.1 ndani. Ile ndogo humlazimisha mgonjwa kushushwa ngazini akiwa amebebwa.

"Kibali kikishatoka, mambo yamekwisha." La. Masharti mengine hutimizwa kabla ya kuchimba msingi, mengine kabla ya mkazi wa kwanza kuhamia. Chukua nakala ya kibali, weka alama kwenye kila sharti lenye neno "kabla ya", na andikia idara ya usimamizi wa ujenzi mara uonapo zege likimwagwa mahali ambapo mchoro ulioidhinishwa unaonyesha mfereji.