Umehifadhi, lakini faili haiendi: dhana potofu kuhusu Notepad, TextEdit na viendelezi

Programu za maandishi matupu, kama Notepad ya Windows na TextEdit ya Mac, zina vitufe vichache, na huenda ndiyo sababu watu hulaumu kompyuta nzima kabla ya kutazama dirisha la kuhifadhi. Matatizo mengi hapa huzaliwa na jambo moja: jina la faili kuchukuliwa kuwa ndicho kilichomo ndani yake.

Dhana: Nikiona index.html kwenye folda, hiyo ni faili ya HTML (ukurasa wa wavuti).

Si lazima. Windows, ikiachwa ilivyosakinishwa, huficha viendelezi (herufi za mwisho wa jina baada ya nukta, kama .txt) vya aina za faili inazozijua. Ukiandika index.html huku kisanduku cha "Save as type" kikiwa kwenye "Text documents (*.txt)", Notepad kwa kawaida huongeza .txt mwishoni. Jina kamili linakuwa index.html.txt. Windows inaificha hiyo .txt, nawe unabaki unatazama index.html isiyo na dosari yoyote machoni. Ukiibofya mara mbili, inafunguka Notepad badala ya kivinjari. Wengi hujaribu kuipa jina upya, wakaandika index.html ileile. Hakuna kinachobadilika, kwa kuwa sehemu yenye kosa hawaioni.

Kwa hiyo anza kwa kufichua viendelezi. Katika Windows 11, fungua File Explorer, bofya "View", kisha "Show", uweke tiki kwenye "File name extensions". Katika Windows 10, tiki hiyo iko ndani ya kichupo cha "View" chenyewe. Iache hivyo siku zote: kuficha viendelezi hakumfaidii yeyote anayeandika msimbo, na ndiko kunakofanya picha.jpg.exe, ambayo ni programu, ionekane kama picha ya kawaida. Sasa chagua faili, bonyeza F2, futa .txt na ukubali onyo linalotokea.

Kosa lisirudi, badili "Save as type" iwe "All files" kabla ya kuhifadhi, au zungushia jina alama za kunukuu, yaani "index.html". Alama hizo haziingii kwenye jina. Zinaiambia Windows ilichukue kama lilivyoandikwa.

Dhana: Kubadili kiendelezi ni kuigeuza faili.

Kiendelezi ni lebo ya kuuambia mfumo ni programu gani ifungue faili. Baiti za ndani, yaani data yenyewe, hazisogei. Faili ya .docx ni furushi la ZIP: ifungue kwa Notepad utaona herufi PK mwanzoni, halafu vurugu. PDF huanza na %PDF. Ukiipa barua.docx jina la barua.txt, unapata vurugu ileile. Rudisha jina la awali, ifungue kwa Word, kisha tumia "Save As" na uchague "Plain Text".

Tahadhari moja: ukishafungua .docx au picha ndani ya Notepad, ifunge bila kuhifadhi. Ctrl+S hapo huandika upya baiti ambazo Notepad haikuzisoma sawasawa, na faili huharibika kwelikweli.

Dhana hii hudumu kwa sababu mara nyingine huonekana kufanya kazi. Faili za .html, .css, .csv na .bat zote ni maandishi matupu, kwa hiyo kuzitoa kwenye .txt kwa kubadili jina tu hakuna madhara.

Dhana: TextEdit ni Notepad ya Mac.

TextEdit huanza hati mpya katika RTF, yaani maandishi yenye mapambo. Ukiihifadhi hivyo halafu ukaipa kiendelezi cha .html, kivinjari kitakuonyesha {\rtf1 na msururu wa misimbo. Kabla ya kuhifadhi, nenda "Format" kisha "Make Plain Text", au bonyeza Shift-Command-T. Faili ya HTML ukiifungua tena humo, utaona ukurasa uliopangwa bila tagi (alama za HTML). Kwenye mipangilio, sehemu ya "Open and Save", weka tiki kwenye "Display HTML files as HTML code instead of formatted text". Zima pia "Smart quotes". Alama za kunukuu zilizopinda hazitambuliwi ndani ya tagi.

Dhana: Herufi zikivurugika, faili imekufa.

Mara nyingi baiti ni nzima, ila zimesomwa kwa usimbaji (kanuni ya kugeuza baiti kuwa herufi) usio wake. Chukua neno ng’ombe lililonakiliwa kutoka Word likiwa na ritifaa (’) iliyopinda. Katika UTF-8, usimbaji unaotumika zaidi leo, ritifaa hiyo huchukua baiti 3: E2 80 99. Programu inayodhani inasoma Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows, hutoa alama moja kwa kila baiti, ukaona ngâ€™ombe. Usisahihishe kwa mkono. Ifungue upya kwa kuchagua UTF-8, na kama ni ukurasa wa wavuti hakikisha sehemu ya head ina <meta charset="utf-8">.

Hasara ya kweli hutokea ukichagua "ANSI", usimbaji wa zamani wenye herufi chache, kuhifadhi herufi zisizokuwamo katika seti hiyo, kwa mfano za Kiarabu kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza. Notepad hukuonya. Ukipuuza, herufi hizo zinageuka alama za kuuliza, na ukishaifunga faili huzipati tena. Notepad ilianza kutumia UTF-8 kama chaguo-msingi katika Windows 10 toleo la 1903, mwaka 2019. Kwenye mashine za kabla ya hapo, chagua mwenyewe.

"UTF-8 with BOM" nayo hutanguliza baiti 3 zisizoonekana (BOM, alama ya mwanzo wa faili), na faili ya .bat, yenye amri za Windows, hukwama kwenye mstari wake wa kwanza. Chagua UTF-8 tupu. Skripti ya bash (faili ya amri) inayolalamikia ^M kwenye Linux ina tatizo lingine: mistari yake imeishia na alama mbili za mwisho wa mstari za Windows, CR+LF, badala ya LF pekee. Ipitishe kwenye dos2unix, programu inayobadili alama hizo.

Dhana: Nikinyimwa ruhusa ya kuhifadhi, faili ni mbovu.

Folda za mfumo zinalindwa, basi. Mfano ni faili ya hosts (orodha ya majina ya kompyuta na anwani zake) iliyo ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Tafuta Notepad kwenye menyu ya Start, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Run as administrator", kisha ufungue faili ukiwa ndani ya Notepad hiyo. Badili kisanduku cha aina kuwa "All files", la sivyo hosts haitaonekana, maana haina kiendelezi kabisa. Ukihifadhi hosts.txt kando yake, Windows haitaisoma.

Jina likikataliwa, tafuta mojawapo ya alama hizi: \ / : * ? " < > |. Andika "ripoti 10-30", si "ripoti 10:30".

Dhana: Notepad ya Windows 11 imenirudishia maandishi, kwa hiyo yalihifadhiwa.

Notepad mpya hukumbuka vichupo vilivyokuwa wazi pamoja na mabadiliko ambayo hujayahifadhi, lakini huyaweka pembeni, nje ya faili yenyewe. Faili iliyo kwenye diski bado ni ya zamani, na hiyo ndiyo kivinjari kinayosoma na ndiyo itakayokwenda ukiituma. Kichupo chenye nukta kina mabadiliko yanayosubiri. Bonyeza Ctrl+S mpaka nukta iondoke, kisha F5 kwenye kivinjari.