Mahindi yenye ukungu yanalifanya nini ini?

Ukungu si unakufa ukipika ugali?
Kuvu anakufa. Sumu aliyokwisha kuiacha kwenye punje, yaani sumukuvu, haiondoki kwa moto wa jikoni. Kukoboa kunapunguza, ila pumba zake usimpe ng'ombe, maana sumu inarudi kwako kwenye maziwa. Wa Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na jirani zetu wa Kiteto, hawajasahau mwaka 2016: wagonjwa 68 wa sumukuvu, macho ya njano, matumbo yamejaa, na 20 wakafariki.

Hao walikuwa na saratani?
Hapana, ile ilikuwa sumu nyingi kwa mkupuo. Saratani ya ini huja polepole, kwa kula kidogo kidogo miaka mingi. Ndani ya seli kuna protini iitwayo p53. Ichukulie kama nyapara: DNA, yaani maandishi ya urithi yanayoiongoza seli, ikiharibika, anasimamisha kazi mpaka itengenezwe, au anaiamuru seli ife. Ana asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 393, na kama 200 za katikati ndizo mkono wake wa kushikia DNA. Sasa ini, likihangaika kuivunja sumukuvu, huigeuza kuwa kali zaidi, nayo hunasa kwenye DNA. Mara nyingi jeraha huangukia kwenye jeni ya p53, yaani sehemu ya DNA yenye maelekezo ya kumtengeneza nyapara, tena penye ule mkono: asidi amino ya 249, iitwayo arijinini, inakuwa nyingine, serini. Badiliko la herufi moja tu ya DNA! Nyapara yupo kazini, mkono haushiki, na seli mbovu inaendelea kuzaana.

Wanyama nao wanaye nyapara huyo?
Wengi, tangu samaki hadi nzi, na ule mkono wa kushikia DNA unafanana. Tembo, kama hawa wa Ruaha, ana jeni za p53 zipatazo 20 (nyingi ni nakala pungufu). Sisi tuna moja. Inadhaniwa ndiyo sababu mojawapo ya tembo kuugua saratani kwa nadra.

Nina homa ya ini aina B. Inahusu?
Sana. Virusi hivyo na sumukuvu vikikutana, hatari ni kubwa kuliko kimoja peke yake. Hudhuria kliniki, na watoto wapate chanjo wiki ya 6, 10 na 14.

Nitajuaje mahindi yamekauka vya kutosha?
Anika kwenye turubai, si ardhini, na uchambue punje zilizosinyaa au kutobolewa. Kisha tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, utikise, uache kidogo. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani.