Sauti zimeisha, mbona haogi?

Jumatano kwenye kliniki yetu ndo siku ya sindano za mwezi, na mimi huu ni mwaka wa 14 nikiwa muuguzi wa afya ya akili, siku hizi mgonjwa akiingia na mtu wa kwao nasikiliza kwanza yule ndugu anamzungumziaje, kabla hata sijashika faili. Mama mmoja aliingia na kijana wake wa miaka 24, hajakaa vizuri akaanza: "Sista, zile sauti zimeisha, namshukuru Mungu, haongei tena peke yake usiku. Lakini sasa amekuwa mvivu jamani, mvivu wa kupindukia. Anaamka saa tano, anakaa pale mlangoni mpaka jua linazama, haogi, hata sahani aliyolia hanyanyui. Mimi na mgongo huu namchotea maji mwanaume mzima!"

Kijana alikuwa pembeni anaangalia sakafu. Kila neno analisikia.

Nimeisikia hiyo stori mara nyingi mno, na ndo maana leo naandika, kwa sababu ugonjwa wa akili alionao, skizofrenia, tunaoujua mtaani ni ile nusu yake yenye kelele. Mtu anasikia sauti zinamsema au zinamtuma, anaamini jirani kamwekea kitu kwenye ukuta, anaona taarifa ya habari ya saa mbili inamtaja yeye, maongezi yake yanaruka kutoka mada hii kwenda ile mpaka humfuati tena. Hapo hakuna anayebisha kwamba mtu anaumwa. Wengine watasema karogwa, wengine majini, atazungushwa kwa mganga na kwenye maombi, lakini wote mnakubaliana kitu kimoja, huyu siyo yeye. Hata huruma inakuwepo.

Sasa ile nusu ya pili haina kelele. Uso unakuwa mkavu, hacheki na halii, ukimuuliza swali anajibu neno moja, marafiki anawaacha mmoja mmoja, mpira aliokuwa anaufia hauangalii tena, kuoga, kufua, kutafuta kazi, vyote vinasimama. Kufikiri nako kunakuwa kuzito, unamtuma dukani vitu vitatu anarudi na kimoja au anarudi mikono mitupu. Hizi nazo ni dalili za ugonjwa uleule, kama vile sauti zilivyo dalili. Tatizo lake ni kwamba zinafanana mno na tabia mbaya, kwa hiyo mtu aliyehurumiwa mwezi wa tatu kwa kuongea na ukuta, mwezi wa tisa anatukanwa kwa kukaa kimya.

Umri wenyewe ndo unaongeza utata. Kwa wengi ugonjwa huu huanza mwishoni mwa ujana na kwenye miaka ya 20 na kitu, wanaume mara nyingi mapema kidogo kuliko wanawake, yaani wakati uleule ambao familia inategemea mtoto amalize chuo, apate kazi, asaidie wadogo zake. Na siyo ugonjwa wa watu wawili watatu, Shirika la Afya Duniani linakadiria zaidi ya watu milioni 20 wanaishi nao, ni kama mmoja katika kila watu 300 na kitu. Hesabu watu wa mtaa wenu.

Jina lenyewe tulipewa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, akaunganisha maneno ya Kigiriki ya kupasuka na akili, na hapo ndo watu wakaanza kudhani mgonjwa ana watu wawili ndani yake, leo huyu kesho yule. Hapana. Alichomaanisha ni kwamba wazo, hisia na kitendo, vitu ambavyo kwako wewe vinakwenda pamoja bila hata kuvifikiria, kwa mgonjwa vimeachana. Na kinachonigusa zaidi kwa Bleuler ni kwamba yeye zile sauti na imani potofu aliziweka kwenye kundi la dalili za nyongeza, kiini cha ugonjwa alikiona kwenye kufikiri kulikokosa mshikamano, pamoja na hisia zilizopooza. Zaidi ya miaka 100 imepita na sisi bado tunaangalia kelele tu.

Yule kijana siku nyingine nilimtembelea nyumbani. Alikuwa kwenye kizingiti, pembeni yake ndoo ya maji na kipande cha sabuni juu ya kopo, mkononi kikombe cha chai ya maziwa ambayo ilishapoa mpaka imefanya utando. Nikakaa naye chini. Tulikaa kimya muda mrefu tu, sikumharakisha, halafu akaniambia polepole: "Sista, najua natakiwa kuoga. Ndoo naiona. Ila ile ya kuinuka ndo haipo."

Hiyo sentensi sijawahi kuisoma kwenye kitabu chochote ikiwa imeelezwa vizuri hivyo. Mvivu ana uwezo wa kuinuka ila hataki, akisikia pilau imeiva utamuona. Huyu anataka, lakini kile kinachotoa mtu kwenye kutaka kumpeleka kwenye kufanya kimekatika, na kumpigia kelele hakukiungi.

Na tena kelele zinamrudisha hospitali, hili siyo maneno ya huruma tu, limepimwa. Miaka ya 1950 kule London mtafiti anaitwa George Brown na wenzake walifuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili, wakakuta kitu ambacho hawakukitegemea, waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao walikuwa wanaugua tena zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba au kukaa na ndugu zao wa kuzaliwa. Wakataka kujua kwa nini, wakawa wanahoji familia na kuhesabu lawama ngapi ndugu anatoa akimzungumzia mgonjwa, wanasikiliza mpaka toni ya sauti. Kufika miaka ya 1970 picha ikawa wazi: kwenye nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au ndugu anayemganda mgonjwa kama mtoto mchanga, karibu nusu waliugua tena ndani ya miezi 9, wakati kwenye nyumba tulivu walikuwa wachache mno. Na sehemu kubwa ya lawama hazikuwa kuhusu sauti wala vurugu, zilikuwa ni kuhusu uvivu, ukimya, kutojali. Yaani watu walikuwa wanagombezwa kwa sababu ya dalili.

Naomba hapa mama au mke unayesoma usijisikie vibaya. Familia haisababishi skizofrenia, na mimi nimeona akina mama waliouza mashamba kwa ajili ya mtoto, wamechoka, hawajalala miaka, na hakuna aliyewahi kuwakalisha chini akawaambia hiki unachokiona kinaitwa dalili. Hilo ni kosa letu sisi wa kliniki, tunachoma sindano, tunaandika tarehe ya kurudi, tunaita anayefuata.

Dawa nazo inabidi tuzielewe. Haloperidoli, klopromazini, ile sindano ya mwezi, zinasaidia sana kutuliza sauti na zile hofu, na asilimia kubwa ya ninaowaona wamerudi na hali mbaya ni walioacha dawa walipojiona wamepona. Ila kwenye ile nusu ya kimya dawa hazifanyi makubwa, usisubiri kidonge kimfanye mtu apige deki. Na dawa zenyewe zinaweza kumkakamaza mtu, kumtetemesha mikono, kumlaza, au kumfanya asitulie kwenye kiti dakika mbili. Wapo ambao shingo inapinda na macho yanageukia juu, nyumbani wanasema jini limepanda, kumbe ni dawa na ina tiba yake, mlete siku hiyohiyo. Usipunguze dozi mwenyewe. Na mgonjwa akianza kusema anataka kufa, au sauti zinamtuma ajidhuru, hiyo haisubiri tarehe ya kliniki.

Kuhusu kuongea naye, akikwambia anasikia sauti usimbishie na usijifanye na wewe unaisikia. Mimi huwa nasema, "Mimi siisikii, ila najua wewe unaisikia kweli, na naona inakutisha." Wengi wanashusha mabega palepale. Kwenye kazi za nyumbani mpe kitu kimoja, kifupi, kwa sauti ya kawaida, halafu anza naye. "Hebu kaoge" ni mlima. "Simama nikushike ndoo" mtu anaweza. Na yale maneno, chizi, kichaa, mwehu, yaacheni hata akiwa hayupo, watoto wa jirani wanayaokota hapo kwenu kisha wanamrushia mawe. Watu wenye ugonjwa huu wanapigwa na kuibiwa mara nyingi zaidi kuliko wao wanavyomdhuru mtu.

Yule mama nilimwambia yote haya pale uani, akanyamaza, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akaniuliza, "Kwa hiyo muda wote huu nilikuwa namgombeza homa?" Nikamwambia, ni kama hivyo, mama.

Jumatano ya juzi walikuja tena. Bado hacheki, bado anaamka saa tano. Ila mama anasema siku hizi wanabeba ndoo wote wawili, huyu anashika upande huu na yule upande ule, wakifika bafuni mama anageuka anaondoka, na mara tatu wiki hii kijana amejifungia mwenyewe na maji yakasikika.